Herufi ŋ Mlangoni mwa Intaneti

Kiswahili na Kiganda ni lugha za ukoo mmoja, na miongoni mwa mambo yanayozifungamanisha ni sauti moja ambayo wageni wengi hushindwa kuitamka mwanzoni mwa neno. Mswahili huitamka anaposema ng'ombe, ng'ambo na ng'oa. Mganda huitamka anapomtaja korongo taji, ndege aliye katikati ya bendera ya Uganda, ambaye kwa Kiganda huitwa eŋŋaali. Sauti ni ileile. Kilichotofautiana ni maandishi. Kiswahili kiliunganisha n na g kisha kikaongeza kibainishi, ambacho wengine hukiita ritifaa. Kiganda kilichukua herufi moja kamili, ŋ.

Mimi ni Mganda ninayesoma Kiswahili chuoni, kwa hiyo kila siku naiandika sauti hiyo kwa njia mbili. Kwenye daftari hakuna tatizo. Tatizo huanza pale neno lenye sauti hiyo linapotakiwa kuwa jina la tovuti au sehemu ya anwani ya barua pepe. Hapo ng' hukataliwa, na ŋ hukubaliwa mahali pamoja ikakataliwa mahali pengine. Katika insha hii nitaifuata historia ya jambo hilo tangu kabla ya kompyuta. Hoja yangu ni kwamba kwa herufi nyingi za lugha za Kiafrika, kanuni za kimataifa zilikwisha kurekebishwa miaka mingi iliyopita. Kinachozuia siku hizi ni programu za kawaida ambazo bado zinafuata kanuni za zamani. Ni hoja inayonipa moyo, kwa sababu kanuni za dunia huandikwa mbali, lakini programu nyingi tunazozitumia Kampala, Nairobi au Dar es Salaam huandikwa na watu wa rika langu.

Herufi kabla ya kompyuta

Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa karne kadhaa kabla ya kuandikwa kwa herufi za Kilatini. Katika karne ya 19 wamisionari kama Johann Ludwig Krapf na Edward Steere walianza kukiandika kwa Kilatini, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha iliyosimamia usanifishaji kwa ajili ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Tahajia iliyokubaliwa ilitumia herufi ambazo zilipatikana kwenye mashine yoyote ya taipu ya Kiingereza. Sauti zilizokosa herufi zilipewa herufi mbilimbili: sh, ch, ny, dh, th, gh. Na ng ya ng'ombe ikawekewa kibainishi ili isichanganywe na ng ya ngoma.

Kibainishi hicho si pambo. Kung'oa ni kutoa kitu kilichoshika ardhini. Ngoa ni tamaa au wivu, kama tunavyosikia katika usemi kukata ngoa. Ukiondoa alama moja, maana inahama.

Kiganda kilipita njia nyingine. Biblia nzima ya Kiganda ilikamilika mwaka 1896, lakini kwa miaka mingi baada ya hapo vitabu havikuwa na tahajia moja. Wakati huo huko London kulikuwa na Taasisi ya Kimataifa ya Lugha na Tamaduni za Kiafrika, iliyoanzishwa mwaka 1926. Taasisi hiyo ilitoa mwongozo wa kuandika lugha za Kiafrika, na toleo lake lililorekebishwa lilitoka mwaka 1930. Mwongozo huo ulipendekeza kwamba sauti muhimu ya lugha iwe na herufi yake yenyewe, na herufi ŋ ilikuwa mojawapo. Mwaka 1947 mkutano wa Waganda uliweka tahajia sanifu ya Kiganda, na ŋ ikapata nafasi yake katika alfabeti yetu.

Lakini mashine za taipu zilizokuwa ofisini hazikuwa na herufi hiyo. Makarani na wachapaji walifanya walivyoweza: wakaandika ng', kama jirani zao Waswahili. Hata leo Waganda wengi huandika ng' wanapokosa ŋ kwenye kibodi, na wengine huandika ng tupu, wakamwachia msomaji kazi ya kubahatisha. Hili ndilo funzo la kwanza la historia hii. Mashine inapokosa herufi, ni nadra watu kuibadilisha mashine. Kwa kawaida huipunguza lugha ili itoshe ndani ya mashine.

Orodha ya alama 128

Mwaka 1963 Marekani ilitoa orodha sanifu ya alama za kompyuta iitwayo ASCII. Ilifanyiwa marekebisho mwaka 1967, na hatimaye ikawa na alama 128, zenye namba kuanzia 0 hadi 127. Ndani yake mlikuwa na herufi A hadi Z, kubwa na ndogo, tarakimu, alama za uandishi, na amri kadhaa za kuendesha mashine. Kwa mtu anayeandika Kiingereza, orodha hiyo ilitosha. Kwa mtu anayeandika Kiganda, ilikosa herufi moja. Kwa Mgĩkũyũ wa Kenya, ilikosa ĩ na ũ zinazobeba jina la lugha yake. Kwa Mhabeshi mwenye maandishi yake ya kale ya Ge'ez, ilikosa kila kitu.

Mtandao uliokuja kuzaa intaneti ulijengwa juu ya orodha hiyo. Mwanzoni kompyuta zilizounganishwa zilikuwa chache, na majina yake yote yaliwekwa katika faili moja lililotunzwa na kituo cha habari huko California, chini ya uongozi wa Elizabeth Feinler. Aliyetaka kuongeza kompyuta aliwaarifu watunzaji, nao wakaandika jina lake. Kompyuta zilipoongezeka, faili moja halikufaa tena. Mwaka 1983 Paul Mockapetris alibuni mfumo wa majina ya vikoa ambao tunautumia mpaka leo. Katika mfumo huo hakuna daftari moja la majina yote. Jina hugawanywa kwa nukta, na kila sehemu ina msimamizi wake: anayesimamia mwisho wa jina, kama .ug, .ke au .tz, na anayesimamia kilicho kushoto kwake.

Majina hayo yalifuata kanuni fupi: herufi a hadi z, tarakimu 0 hadi 9, na kistari kisichoanza wala kumaliza jina. Sidhani kwamba waliofanya hivyo walikuwa na nia ya kumfungia mlango mtu yeyote. Walikuwa wahandisi waliotatua shida ya kompyuta chache za vyuo na jeshi la nchi yao. Lakini uamuzi mdogo wa watu wachache uligeuka kuwa kanuni ya dunia nzima, na ulipokwisha kuenea ulikuwa mgumu kuugusa.

Kiswahili kilipita katika mlango huo karibu bila kuinama. Maneno kama elimu, soko, habari na safari yote yameandikwa kwa herufi za orodha ile. Hiyo ni bahati iliyotokana na uamuzi wa kutumia herufi za mashine za taipu. Lakini hata Kiswahili hakikupita kizima. Kibainishi kimo katika orodha ya ASCII, ila hakimo katika kanuni ya majina. Kwa hiyo mfugaji anayetaka tovuti yenye neno ng'ombe lazima aandike ngombe. Watumiaji wa Kiswahili wamezoea kiasi kwamba wengi hawalioni tena. Sisi wanafunzi tunaotoka lugha jirani bado tunaliona, labda kwa sababu mwalimu wa insha hututoza alama tukikisahau kibainishi.

Kanuni zinabadilika

Hatua ya kwanza ya kurekebisha mambo ilikuwa kupata orodha kubwa kuliko ASCII. Mwaka 1991 lilitoka toleo la kwanza la Unicode, mradi wa kuipa namba kila herufi ya kila maandishi ya dunia. Humo ŋ ndogo ina namba yake, 331. Maandishi ya Ge'ez yaliingizwa mwaka 1999. Maandishi ya N'Ko, ambayo Solomana Kanté aliyabuni Afrika Magharibi mwaka 1949, yaliingia mwaka 2006. Maandishi ya Adlam, yaliyobuniwa na ndugu wawili wa Guinea, Ibrahima na Abdoulaye Barry, kwa ajili ya lugha ya Kifulani, yaliingia mwaka 2016.

Kuwa na namba katika Unicode kunakuwezesha kuandika barua au kitabu. Hakukuwezeshi kuwa na jina la kikoa, kwa sababu mfumo wa majina uliendelea kujua herufi zake zilezile. Mwaka 1996 Martin Dürst alitoa pendekezo la namna ya kuingiza herufi nyingine katika majina hayo. Kuanzia mwaka 1998 watafiti wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Singapore, wakiongozwa na Tan Tin Wee, walifanya majaribio ya kulitekeleza wazo la namna hiyo. Swali lililowasumbua wote lilikuwa hili: utabadilishaje mfumo unaotegemewa na dunia nzima bila kuuzima?

Jibu lililokubaliwa mwaka 2003 lilikuwa la ujanja. Mfumo wa zamani haukuguswa. Badala yake, programu ya mtumiaji hulitafsiri jina lenye herufi nyingine kuwa mfuatano wa herufi za kawaida kabla ya kulituma. Njia hiyo ya kutafsiri huitwa Punycode, na majina yaliyotafsiriwa huanza na xn-- ili yatambulikane. Nitoe mfano wa ndege wetu. Mtumiaji akiandika eŋŋaali, kompyuta huligeuza kuwa xn--eaali-38aa. Herufi za kawaida, e, a, a, l, i, zimetangulia. Sehemu ya mwisho, 38aa, inabeba habari kwamba kuna ŋ mbili na mahali zinapokaa. Mfumo wa mwaka 1983 huona herufi, tarakimu na vistari tu, nao hutulia. Mtumiaji haonyeshwi msimbo huo. Kivinjari chake kinapaswa kumwonyesha eŋŋaali.

Kanuni hizo zilifanyiwa marekebisho makubwa yaliyochapishwa mwaka 2010, na ŋ ni miongoni mwa herufi zilizoruhusiwa. Kilichobaki ni msimamizi wa kila mwisho wa jina kuamua ni herufi zipi za ziada atakazozisajili. Kibainishi cha kawaida hakikuruhusiwa, maana katika lugha za kompyuta kina kazi nyingine nyingi. Hivyo katika jambo hili Kiganda kimepata haki ambayo Kiswahili, pamoja na ukubwa wake wote, bado hakijaipata.

Haikosi kutajwa kwamba safari hii ilikuwa na hofu ya kweli. Mwezi Februari 2005 ilionyeshwa hadharani jinsi mtu anavyoweza kusajili jina linalofanana kabisa na la kampuni maarufu ya malipo kwa kubadilisha herufi moja tu: badala ya a ya Kilatini aliweka а ya Kirusi, ambayo jicho haliwezi kuitofautisha. Mlaghai angeweza kuwavuna watu fedha zao kwa njia hiyo. Watengenezaji wa vivinjari walishtuka, na kwa muda baadhi yao wakaanza kuonyesha misimbo ya xn-- badala ya majina yenyewe. Baadaye zilitungwa kanuni za kuzuia kuchanganya maandishi ya aina mbili ndani ya jina moja, na wataalamu wa kila maandishi wakakaa kuorodhesha herufi salama. Kanuni za Ge'ez kwa ajili ya miisho ya majina zilikamilishwa mwaka 2017, pamoja na za maandishi mengine, na zile za Kilatini chenye herufi za ziada mwaka 2022.

Misri yatangulia

Hadi mwaka 2009 herufi nyingine ziliweza kukaa kushoto mwa nukta ya mwisho tu. Mwarabu aliweza kuandika jina la duka lake kwa Kiarabu, lakini mwisho wa jina ulibaki wa Kilatini, naye alilazimika kubadilisha kibodi katikati ya anwani moja. Mwezi Oktoba mwaka huo ICANN, shirika linaloratibu majina ya intaneti, lilikutana Seoul na kuidhinisha miisho ya majina ya nchi kwa maandishi ya wenyeji. Mwezi Mei 2010 miisho ya kwanza ikaanza kufanya kazi. Ilikuwa mitatu, yote ya Kiarabu: wa Saudi Arabia, wa Falme za Kiarabu, na wa Misri. Urusi ikafuata siku chache baadaye.

Napenda kulitaja jambo hili kwa wenzangu kwa sababu tumezoea kudhani kwamba katika teknolojia Afrika hufika mwisho. Katika hili, nchi ya Kiafrika ilikuwa katika kundi la kwanza kabisa duniani. Tunisia, Algeria, Morocco na Sudan nazo zilipata miisho yao kwa Kiarabu, na kwa upande wa majirani wa Pwani kuvuka bahari, Oman pia.

Mwaka 2013 ilifunguliwa miisho mipya isiyo ya nchi, na miongoni mwa minne ya kwanza mmoja ulikuwa neno la Kiarabu linalotamkwa shabaka. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kutafsiriwa. Shabaka ni wavu, na Waarabu huutumia neno hilo kwa maana ya mtandao. Neno ambalo limo katika kamusi zetu tangu zamani lilikuwa mwisho wa jina la intaneti kabla ya .africa, uliofunguliwa mwaka 2017.

Mlinzi wa mlango

Kufikia hapa mtu angeweza kusema kwamba kazi imekwisha. Majina yaliruhusiwa mwaka 2003, miisho mwaka 2010, na mwaka 2012 zikachapishwa kanuni za anwani za barua pepe zenye herufi za lugha zote, hata upande wa kushoto wa alama ya @. Mwaka 2014 Google ilitangaza kwamba Gmail inaweza kutuma na kupokea barua za anwani za namna hiyo. Kwa karatasi, mlango uko wazi.

Lakini kati ya mtu na mlango kuna mlinzi, na mlinzi huyo ni programu. Kila fomu ya mtandaoni inayokuomba barua pepe ina mistari michache ya msimbo inayokagua ulichoandika. Aliyeiandika alitaka kuzuia makosa, jambo jema. Akajiuliza: anwani sahihi inafananaje? Akajibu kwa mazoea: herufi a hadi z, alama ya @, nukta, kisha mwisho wenye herufi mbili au tatu. Mistari hiyo huigwa kutoka programu moja hadi nyingine, kutoka kwa mwalimu hadi kwa mwanafunzi, na wachache hurudi kuichunguza.

Ugonjwa huo ulionekana mapema. Mwaka 2001 mwisho .info ulipoanza kutumika, kulikuwa na programu zilizoukataa, kwa kuwa waandishi wake waliamini kwamba hakuna mwisho unaozidi herufi tatu. Herufi zote nne zilikuwa za Kiingereza! Ikiwa .info ulipata shida, msomaji anaweza kukadiria shida ya eŋŋaali.

Shangazi yangu, ambaye kwa desturi yetu namwita Ssenga, anauza vikapu na mikeka. Kibao cha duka lake kimeandikwa Eŋŋaali kwa rangi ya kijani. Binti yake alipomtafutia anwani ya intaneti waliamua kuandika engaali, kwa kuogopa usumbufu, na wakachagua mwisho .africa. Hata hivyo usumbufu haukuwakosa. Fomu ya kampuni moja ya kusafirisha mizigo ilimjibu kwa maandishi mekundu kwamba barua pepe yake si sahihi. Alirudia mara tatu. "Mwanangu, labda macho yangu yamechoka," aliniambia. Macho yake hayakuwa na kasoro. Fomu ilikuwa imehesabu herufi za africa, ikazikuta sita, ikakataa. Mwishowe alitumia anwani ya binti yake, na taarifa za mizigo yake zikawa zinakwenda kwa mtu mwingine.

Ukitazama vizuri, utaona kwamba mama huyu alikwisha kuacha ŋ yake mlangoni hata kabla ya kukataliwa. Hapa ndipo gharama yenyewe ilipo. Fomu inayokataa leo humfundisha mtu asijaribu kesho, na mtu asiyejaribu hahesabiwi popote. Kisha mwenye programu hutazama takwimu zake na kusema, hakuna anayezihitaji herufi hizo.

Wanaoisukuma kazi

Ili kulitibu tatizo hili, mwaka 2015 liliundwa kundi la wataalamu na makampuni chini ya mwavuli wa ICANN, likiwa na lengo ambalo kwa Kiswahili naweza kuliita kupokelewa kote: jina lolote halali la kikoa na anwani yoyote halali ya barua pepe vipokelewe na programu zote. Kundi hilo lilieleza kazi ya programu kwa vitenzi vitano: kupokea, kuhakiki, kuhifadhi, kuchakata na kuonyesha. Programu inaweza kufaulu vinne ikashindwa cha tano. Inaweza kulipokea jina vizuri, kisha hifadhidata yake ikaligeuza kuwa alama za kuuliza. Kwa hiyo wanaofanya kazi hii huzijaribu programu hatua kwa hatua, huandika taarifa za kasoro, huwapelekea wenye programu, na hurekebisha maktaba za misimbo ambazo waandishi wengi huzitegemea. Tarehe 28 Machi 2023 iliadhimishwa kwa mara ya kwanza kama siku ya kuhimiza jambo hili duniani.

Serikali nazo zina nguvu ya pekee. Mwaka 2017 serikali ya jimbo la Rajasthan, India, ilianza kuwapa wananchi anwani za barua pepe kwa Kihindi. Uamuzi wa namna hiyo huzilazimisha ofisi nyingine kurekebisha fomu zao, kwa sababu ofisi haiwezi kukataa anwani ambayo serikali yenyewe imeitoa. Kwetu Afrika Mashariki serikali ndizo wanunuzi wakubwa wa programu. Zingeweza kuandika sharti moja katika mikataba yao: mfumo hautapokelewa mpaka uvipite vile vitenzi vitano kwa herufi za lugha za nchi. Sharti hilo halihitaji kiwanda wala mkopo.

Wapo wanaopinga. Nimewasikia darasani wakisema kwamba vijana wanaandika kwa Kiingereza na Kiswahili, simu zao hazina ŋ, na njaa hailishwi kwa herufi. Hoja hii si ya kupuuzwa. Mwenye duka hawezi kupoteza wateja kwa ajili ya tahajia, na ndiyo maana simlaumu Ssenga. Lakini historia inatuonyesha kwamba mazoea hayo hayakutoka hewani. Mganda aliacha ŋ kwa sababu taipu haikuwa nayo, kisha kibodi haikuwa nayo, kisha fomu ikaikataa. Kusema sasa kwamba haihitaji ni kama kumfungia mtu mlango mwaka mzima, halafu ukamshangaa kwa kutokuja kukutembelea.

Tena si suala la Kiganda peke yake. Mgĩkũyũ anaandika jina lake mwenyewe kwa herufi zilizopungua. Mhausa anaacha ndoana za ɓ na ɗ, Myoruba anaacha nukta za chini za ẹ na ọ, ingawa katika lugha hizo alama hizo hutenganisha neno na neno kama ng'oa na ngoa. Jumuiya ya Afrika Mashariki iliifanya Kiswahili kuwa lugha yake rasmi pamoja na Kiingereza na Kifaransa, na sisi wanafunzi wa nchi jirani tumefurahi. Nadhani heshima hiyo inakipa Kiswahili wajibu wa kaka mkubwa. Kwa kuwa kilipata njia rahisi, kiwe cha kwanza kuwadai watengenezaji wa programu nafasi kwa ajili ya wadogo zake, na kwa ajili ya kibainishi chake pia.

Tunaloweza kulifanya

Wanafunzi hatuna mamlaka juu ya ICANN wala Unicode, lakini tuna vyumba vya kompyuta na tuna lugha. Wanaosoma lugha wanazijua herufi. Wanaosoma kompyuta wanaijua misimbo. Mara nyingi makundi haya mawili hukutana kantini tu. Yakikutana kazini, yanaweza kuchukua fomu za vyuo, za benki na za ofisi za wilaya, yakajaribu kila moja kwa anwani halali zenye ŋ, ĩ, ũ na miisho mirefu, yakaandika matokeo, na kuyapeleka kwa wenye fomu kwa adabu. Marekebisho mengi ni ya mistari michache. Mwalimu wa programu akibadilisha mfano anaouandika ubaoni, wanafunzi wake hawataubeba ule wa zamani kwenda nao kazini.

Watu waliokutana mwaka 1947 kuiandika ŋ katika alfabeti walijua kwamba mashine za taipu za ofisi zao hazina herufi hiyo. Waliiandika hata hivyo, kwa kuwa lugha ilikuwa nayo. Mashine ya kwanza iliwashinda, na ya pili pia. Hii ya sasa inairuhusu, imeipa namba 331, na imeifundisha kusafiri kwa jina la xn--. Imebaki mistari michache ya msimbo katika fomu zetu wenyewe, na walioiandika wako hai, wengi wao tukiwafahamu kwa majina.